Randa ya umeme na mashine ya msasa: maswali ambayo mafundi seremala huuliza mara kwa mara

Ukipita Keko, Dar es Salaam, asubuhi, utazisikia randa kabla hujayaona makabati. Nimefanya kazi na mashine hizi kwa miaka mingi na sasa nafundisha vijana. Maswali wanayoniuliza ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Nimemwandikia fundi, kijana anayejifunza, na pia mwenye karakana ambaye hashiki mbao lakini ndiye anayetoa hela ya visu.

Vidole vyangu kumi ninavyo vyote. Jirani yangu wa zamani, ambaye alinizidi ufundi kwa mbali, anavyo vinane. Siku ile alikuwa anaranda kipande cha urefu wa shibiri moja.

Randa ya meza na mashine ya unene zinatofautianaje? Si zote zinalainisha mbao?

Zote zinalainisha, lakini inayonyoosha ni moja tu. Kwenye randa ya meza visu viko chini, nawe unaisukuma mbao kwa mkono ipite juu yake. Hiyo ndiyo inayoondoa mpindo na kuupata uso ulionyooka. Kwenye mashine ya unene visu viko juu, na rola zinaivuta mbao zenyewe. Kazi yake ni kufanya uso wa pili ulingane na wa kwanza. Ukiiingizia mbao iliyopinda, rola zitaikandamiza inyooke kwa muda, visu vitapita, na ikitoka upande wa pili itarudi kupinda kama ilivyoingia, ila sasa ni nyembamba. Kwa hiyo anza na uso mmoja kwenye randa ya meza, kisha ubavu mmoja, halafu ndipo uende kwenye unene.

Kipande kifupi kabisa ninachoweza kuranda kwa mashine ni cha urefu gani?

Sentimita 30. Chini ya hapo usiweke kwenye randa ya meza, hata kama una mkono mwepesi kiasi gani.

Nitaeleza sababu, maana kijana akiambiwa "usifanye" bila sababu atafanya siku bosi hayupo. Silinda yenye visu 3 inayozunguka mara 5,000 kwa dakika inapiga mbao mara 15,000 kwa dakika, yaani mara 250 kila sekunde. Mbao ndefu ina uzito, tena imelala kwenye meza zote mbili, kwa hiyo inatulia. Kipande kifupi hakina uzito, na kikifika kwenye mdomo wa visu ncha yake inaweza kuzama katikati ya meza mbili. Kisu kinakikamata na kukirusha nyuma. Mkono uliokuwa unakisukuma hauna tena cha kusukuma, lakini nguvu yake bado inaelekea mbele na chini, pale pale ilipokuwa mbao. Hakuna binadamu anayeuwahi mkono wake wakati huo.

Jirani yangu alikuwa na miguu ya stuli za mninga. Alikuwa amekwisha kuikata kwa urefu wake, akagundua minne haijarandwa vizuri ubavu, na mteja alikuwa amekaa nje kwenye benchi anasubiri. Mitatu ilipita. Ule wa nne ulikuwa na fundo karibu na ncha.

Dawa yake ni rahisi: randa kwanza ile mbao ndefu, halafu ndipo ukate vipande. Kama umekwisha kukata, kibane kipande kwenye jiriwa uchukue randa ya mkono. Mguu mmoja wa stuli haukuchukui dakika tano.

Kwenye mashine ya unene, pima nafasi kati ya rola ya kuingizia na rola ya kutolea. Kipande kikiwa kifupi kuliko nafasi hiyo, kitaachiwa na rola ya kwanza kabla hakijashikwa na ya pili, kigeuke chini ya visu na kupasuka au kurushwa. Mimi huongeza sentimita 5 juu ya kipimo hicho. Na kwa mbao nyembamba, ya chini ya milimita 10 hivi, iweke juu ya ubao mwingine ulionyooka, kisha uingize vyote viwili pamoja.

Mikono naiweka wapi?

Juu ya mbao, vidole vikiwa pamoja, kamwe visining'inie nyuma au pembeni ya mbao. Mkono wa kwanza unakandamiza mbao upande wa meza ya kupokelea mara tu inapopita visu. Mkono wa pili unasukuma. Unapofika karibu na visu, uinue mkono, uuvushe juu, uushushe upande wa pili. Usiuteleze juu ya mbao ukapita moja kwa moja juu ya silinda, kwa sababu mbao ikinyofoka hapo chini utakuwa umeikalia hatari. Sehemu ya mwisho isukume kwa kisukumio: kipande cha mbao chenye kisigino nyuma na mpini juu. Kitengeneze leo kwa masalia ya paina, ukitundike kwenye mashine yenyewe. Kikiwa kabatini hakitatumika.

Simama ubavuni mwa meza. Usisimame nyuma ya mbao, kwa sababu ikirudi itakukuta tumboni.

Kinga ya silinda ifunike sehemu yote ya visu isiyotumika. Nimeingia karakana nyingi nikakuta kinga imefunguliwa "kwa sababu inasumbua" na imegeuzwa ya kuwekea chai.

Nivae glavu?

Hapana. Kwenye kitu chochote kinachozunguka glavu ni mtego: uzi mmoja ukishikwa, mkono wote unafuata. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati isiyofungwa, pete, cheni, na mtandio unaoning'inia. Glavu ni za kubebea mbao na kubadilishia visu wakati umeme umezimwa. Na tafadhali, viatu vilivyofunika vidole. Kandambili juu ya maranda zinateleza, na unapoteleza mkono hutafuta pa kushika.

Randa yangu ni ya kuchongesha mtaani na silinda yake ni ya mraba. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Silinda ya duara inaacha nafasi ndogo kati yake na mdomo wa meza, na kisu kinachomoza kama milimita 1 tu. Kidole kikigusa, kitakatwa nyama lakini mara nyingi mfupa utabaki. Silinda ya mraba kila inapogeuka inafungua pengo, na kidole kinaingia chote. Mafundi chuma wetu wanaweza kuchonga silinda ya duara kwenye mashine ya kereza. Gharama yake ni kubwa kuliko ya mraba, najua. Ilipe.

Nikate kiasi gani kwa pasi moja, yaani mbao ikipita mara moja kwenye visu?

Kwa paina, kama ile ya Sao Hill, milimita 1 hadi 2. Kwa mninga, mkongo au mvule, nusu milimita hadi 1, na pasi ya mwisho iwe nyembamba kabisa. Tamaa ya kumaliza kwa pasi moja ndiyo inayonyofoa nyuzi na kuchosha mota.

Angalia ubavu wa mbao uone nyuzi zinaelekea wapi. Kwenye randa ya meza zielekee chini na nyuma, upande ulikosimama wewe, ili kisu kizilaze. Zikielekea chini na mbele, visu vitazichimbua. Ni kama kumpapasa paka: upande mmoja manyoya yanalala, upande mwingine yanasimama. Mvule una tabia ya nyuzi kubadili mwelekeo ndani ya mbao moja, kwa hiyo hapo punguza kina na usukume polepole.

Kwa nini mwisho wa mbao unaliwa?

Meza ya kupokelea imekaa chini kuliko visu. Mbao inakwenda vizuri mpaka mkia wake unapoiacha meza ya kuingizia, inadondoka kidogo, na visu vinakula kile kipande cha mwisho. Meza hiyo ikiwa juu mno, mbao itagonga ukingo wake na kugoma kupita.

Kurekebisha: zima, chomoa plagi. Chukua kipande cha mbao kilichonyooka sawasawa, ukilaze kwenye meza ya kupokelea kiwe kimechomoza juu ya silinda. Zungusha silinda kwa mkono, polepole, kupitia puli. Kisu kinapopita juu kinapaswa kukigusa kile kipande kwa mguso wa sauti tu, kama kucha kwenye karatasi. Kikikiinua na kukisogeza, meza iko chini. Kisipokigusa kabisa, meza iko juu. Fanya hivyo mwanzo wa kisu, katikati na mwisho, kisha urudie kwa kila kisu. Ni kazi ya nusu saa. Ukiharakisha, kisu kimoja kitakuwa juu ya vingine na ndicho peke yake kitakachokata. Utajua kwa kuuinamia uso wa mbao mwanga ukitokea ubavuni: utaona mawimbi yaliyoachana kama bati.

Nitajuaje kuwa visu vimekuwa butu?

Sikiliza kwanza. Kisu kikali kina mlio mmoja ulionyooka; kisu butu kinagonga. Halafu angalia kinachotoka: maranda yaliyojikunja yakigeuka kuwa unga na vipande vipande, makali yameisha. Dalili nyingine ni harufu ya kuungua, alama nyeusi kwenye mbao, na wewe mwenyewe kujikuta unasukuma kwa kifua. Hii ya mwisho ndiyo ya hatari, kwa sababu anayesukuma kwa nguvu ndiye anayeteleza.

Visu vinolewe vyote kwa pamoja, kwa pembe ile ile vilivyotoka nayo kiwandani, na vipimwe kwenye mizani. Kimoja kikiwa chepesi kuliko wenzake, silinda itatetemeka na beringi zitakufa mapema. Wanaokata visu kwenye springi za gari wanaokoa fedha kidogo kwa hatari kubwa: chuma ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo kinaweza kupasuka kikiwa kwenye mwendo, na kikipasuka hakichagui kinakokwenda.

Unapofunga, kaza bolti kidogo kidogo kwa raundi mbili au tatu, usiikaze moja mpaka mwisho huku nyingine zimelegea. Kisha zipitie zote tena kwa mara ya mwisho. Kabla ya kuwasha, zungusha silinda kwa mkono mzunguko mzima na uhakikishe spana haimo ndani.

Na kabla hujalaumu visu, kagua mbao. Mbao zilizotoka kwenye fomu za zege zina misumari na saruji. Pitisha sumaku, kwangua saruji kwa brashi ya waya, na kama huna uhakika usizipeleke kwenye randa kabisa.

Umeme umekatika katikati ya kazi. Nifanye nini?

Zima swichi ya mashine kabla ya kitu kingine chochote. Hata kabla ya kulalamika.

Mashine nyingi zetu zina swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Umeme ukikatika, swichi inabaki imewashwa. Fundi anakaa, anakumbuka maranda yaliyoziba mdomo wa visu, anaingiza mkono kuyatoa. Umeme unarudi. Nimeishuhudia mara moja. Bahati kijana alikuwa ametumia kijiti. Kijiti kilitoweka, na vipande vyake tulivikuta ukuta wa pili.

Fundi umeme anaweza kukufungia swichi ya kontakta, ile ambayo umeme ukikatika inajiachia yenyewe na haiwaki mpaka ubonyeze kitufe cha kijani upya. Kwa karakana yenye vijana wanaojifunza, hicho ndicho kifaa cha kwanza ambacho ningenunua, kabla hata ya seti ya pili ya visu.

Maranda yaliyoziba toa kwa kijiti au brashi, mashine ikiwa imezimwa na imechomolewa. Kumbuka kwamba ukizima, silinda inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa kwa kasi yake. Subiri mpaka uone visu vimesimama.

Baada ya matengenezo ya laini, mota ya njia tatu (three-phase) inazunguka kinyume. Imeharibika?

Haijaharibika. Waya mbili zikibadilishana nafasi, mota ya njia tatu hugeuza mzunguko. Fundi umeme atazirudisha. Ndiyo maana baada ya kazi yoyote ya umeme, iwe ya TANESCO nguzoni au ya fundi wako ndani, washa na kuzima mara moja bila mbao uangalie: kwenye randa ya meza, visu vikiwa juu vinapaswa kuja upande wako. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Huenda njia moja imekatika, na ukiiacha hivyo itaungua kwa muda mfupi.

Kuhusu ekstensheni: waya mwembamba, mrefu, uliokunjwa kama nyoka chini ya meza unapunguza nguvu na unapata moto. Utandaze wote, na uwe mnene wa kutosha kwa mota yako.

Mashine ya msasa si hatari kama randa, au siyo?

Haikati kidole kwa mara moja, lakini inachuna ngozi na kucha kabla hujahisi maumivu. Kwenye msasa wa sahani inayozunguka, weka mbao upande ule unaoshuka kuelekea mezani. Upande unaopanda utainua kipande na kukurushia usoni. Nafasi kati ya meza na sahani isizidi milimita 2 au 3, la sivyo kipande chembamba kinavutwa chini na vidole vinakifuata.

Msasa wa mkanda wa kushika mkononi una kitufe cha kufunga swichi ili usichoke kidole. Kabla ya kuchomeka plagi, hakikisha kitufe hicho hakijafungwa. Kikiwa kimefungwa, mashine itakimbia yenyewe mezani kama panya. Ukiwa kazini, isogeze muda wote. Ukituama sekunde mbili utachimba shimo ambalo vanishi italionyesha kwa kila mgeni anayeingia sebuleni.

Anza na namba 80, kisha 120, 180, na ukitaka kupaka vanishi malizia 240. Ukiruka kutoka 80 hadi 240 mikwaruzo ya 80 inabaki, na huioni mpaka rangi ikauke.

Grainda iliyofungwa sahani ya msasa ni kitu cha kila karakana, na ndicho ninachokiogopa zaidi hapa. Kasi yake ni kubwa, kinga hutolewa, na ikigonga msumari inatoa cheche katikati ya vumbi. Kama huna njia nyingine, vaa miwani na ngao ya uso, shika kwa mikono miwili, na hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye sahani haiko chini ya kasi ya grainda.

Mkanda wa msasa unachanika kila wiki.

Angalia mshale uliochapwa ndani ya mkanda. Ukiuvisha kinyume, maungio yanafunguka. Pengine umeuacha kwenye unyevu. Pwani hii mikanda inanyonya hewa ya bahari, kwa hiyo ihifadhi mahali pakavu, imetundikwa bila kukunjwa. Ukiziba, usiutupe. Kandamiza kipande cha raba ya asili, kwa mfano soli nzito ya kiatu cha kale, juu ya mkanda unaozunguka, nao utajisafisha.

Ni kweli maziwa yanaondoa vumbi kifuani?

Si kweli. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Kunywa maziwa kwa afya, lakini yasikufanye uvue barakoa.

Vumbi la msasa ni jembamba sana. Lile linaloonekana hewani kwenye mwanga wa dirisha ni sehemu tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, hasa saratani ya ndani ya pua. Mbali na hiyo kuna pumu na ngozi kuwasha, na mbao zetu nzuri ndizo zenye shida: mvule, mninga, msaji, mpingo. Ukiona fundi anapiga chafya kila anapochana mvule, usimcheke. Mwili wake umeshaukataa.

Kitambaa usoni hakichuji vumbi hilo. Nunua barakoa ya N95 au FFP2, ikae vizuri puani, ubadilishe ikianza kuziba. Fanyia kazi ya msasa nje au karibu na mlango, upepo ukitoka kwako kwenda nje. Ukiweza, funga mashine ya kunyonya vumbi. Usijipulize nguo kwa kompresa, na kabla ya kufagia nyunyiza maji kidogo.

Vumbi linaweza kushika moto?

Ndiyo, na haraka. Mfuko wa vumbi umwagwe kila jioni, nje. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasifungwe pamoja, yanaweza kujiwasha yenyewe usiku, yaanike yametandazwa. Weka ndoo ya mchanga na kizimamoto. Namba ya Zimamoto ni 114.

Masikio?

Randa inazidi desibeli 85, kiwango ambacho kwa saa 8 kinatosha kuharibu usikivu. Vaa vizibo. Usikivu ukipotea haurudi.

Matengenezo ya kawaida ni yapi?

Kila jioni brashi kwenye meza na silinda. Kila wiki kagua mikanda, bolti na kebo. Meza zisugue kwa nta, hata mshumaa unafaa, ili mbao iteleze. Usitumie vipulizio vyenye silikoni, vanishi itakataa kushika. Beringi zenye nipo (kichuchu cha kutilia grisi) zitie grisi kiasi, kwani grisi ikizidi inakusanya vumbi. Kwenye mashine za mkononi, brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zibadilishwe zikibaki kama milimita 5. Mashine ikibadilika sauti, simamisha kazi.

Kidole kikikatika tufanye nini?

Zima mashine. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na uuinue mkono juu ya kifua. Usipake mafuta ya taa, kahawa wala majivu. Kitafuteni kipande kilichokatika, kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kisha kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo muuweke kwenye maji yenye barafu. Kipande kisigusane na barafu moja kwa moja. Nendeni hospitali kubwa sasa hivi, kila saa inahesabika.

Na gharama za matibabu?

Tanzania Bara kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya 2008. Mwajiri anapaswa kusajili karakana na kuchangia mfuko. Muulize bosi wako kama amefanya hivyo, na umuulize leo ukiwa mzima.

Kijana mpya aanze kushika randa lini?

Kwangu, wiki ya kwanza hagusi mbao. Anakaa upande wa kupokelea na kazi yake ni swichi: ninapoinua mkono anazima. Anajifunza kusikia silinda inavyopungua mlio mpaka kimya. Wiki ya pili anabadilisha visu nami, plagi ikiwa mfukoni mwake. Wiki ya tatu ninampa paina ya mita mbili, na kisukumio alichokitengeneza mwenyewe.